Punda Mwenye Kidonda cha Ukwato Avishwe Kiatu, Asipakiwe Mzigo

Ukurasa huu wa afya umezoea kuzungumza juu ya watoto, vyoo na maji ya kunywa. Leo nataka kuzungumza juu ya mguu wa punda. Msicheke. Katika vijiji vingi vya Handeni, na katika vijiji vya bondeni huko Korogwe, kuna nyumba ambazo maji huletwa na punda. Punda huyo akiumwa mguu, maji hayaji. Au yanakuja, lakini yanakuja juu ya kichwa cha mama.

Tufanye hesabu ndogo. Dumu moja la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Punda hupakiwa madumu manne, mawili kila upande. Hizo ni kilo 80. Mama hubeba dumu moja. Kwa hiyo safari moja ya punda ni safari nne za mama. Kama kisima kiko mwendo wa saa moja, kwenda na kurudi ni saa mbili. Safari nne ni saa nane. Nani ana saa nane za kutembea kila siku, na shamba linamngoja, na mtoto yuko mgongoni?

Basi mama huenda mara moja au mara mbili tu. Maji yanakuwa machache nyumbani. Maji yakiwa machache, ya kupikia hayapunguzwi. Yanayopunguzwa ni ya kunawa mikono, ya kuosha vyombo na ya kufua nguo za mtoto. Kuhara huingia kwa mlango huo. Ndiyo maana nasema mguu wa punda ni habari ya afya ya watu.

Kuna msemo ambao sote tunaujua: punda afe, mzigo ufike. Mimi sikubaliani nao. Punda akifa, mzigo wa leo unaweza kufika, lakini wa kesho utabebwa na nani? Punda jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 12 hivi, na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kupakiwa mizigo mpaka afikishe miaka mitatu au minne. Kwa hiyo aliyempoteza punda wake leo, akitaka kufuga mwingine tangu kuzaliwa, atangoja karibu miaka mitano. Kununua nako si rahisi. Kwa miaka mingi punda wa Afrika wamechinjwa kwa wingi ili ngozi zao zipelekwe China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia biashara hiyo kwa miaka 15.

MNYAMA AKISHINDWA, MTU HUBEBA

Wengine watauliza kwa nini hatutumii farasi, mnyama mkubwa na mwenye mbio. Jibu liko katika historia ya hapa hapa kwetu. Mwezi Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Jan Smuts yaliteremka Bonde la Pangani yakiwafukuza Wajerumani. Yalifika Korogwe, kisha Handeni. Yalikuja na farasi wengi. Lakini nchi ilikuwa na ndorobo, na ndorobo huleta ugonjwa wa nagana. Tena kulikuwa na ugonjwa mwingine unaoua farasi upesi sana, unaoenezwa na visubi. Katika vita ile ya Afrika Mashariki farasi walikufa kwa maelfu.

Punda huugua nagana pia, lakini ni mvumilivu kuliko farasi. Na ule ugonjwa wa visubi kwa kawaida haumwangushi.

Wanyama walipokufa, mizigo ya vita haikubaki njiani. Walichukuliwa watu. Wapagazi walibeba risasi na unga vichwani, na wengi sana walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Keria Koo, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana nacho. Mnyama akishindwa, mzigo unahamia kwa mtu. Mwaka 1916 ulihamia kwa mpagazi. Siku hizi, katika nyumba zetu, unahamia kwa mama na mtoto wa kike anayetakiwa kuwa shuleni.

JINSI YA KUJUA KUWA MGUU UNAUMA

Punda halii kama mbwa akiumwa. Huvumilia. Atatembea na maumivu mpaka siku atakapogoma kabisa, na hapo mwenyewe atasema punda ana kiburi, atachukua fimbo. Watu husema pia kuwa shukrani ya punda ni mateke. Jiulize kwanza. Ukimshika mtu mguu wenye jipu, naye hatakupiga teke?

Mtazame anapotembea mahali pagumu bila mzigo. Akiukanyaga mguu wa mbele unaouma, kichwa chake hupanda juu. Akikanyaga mzima, kichwa hushuka. Akiwa amesimama, mguu unaouma huusogeza mbele na kuutuliza. Weka mgongo wa mkono wako juu ya ukwato, kisha weka juu ya ukwato wa pili. Ule wenye maumivu mara nyingi huwa na joto zaidi.

Sasa mtu mmoja amshike kichwa kwa upole, na mwingine ainue mguu. Kwangua udongo na samadi kwa kijiti chenye ncha butu. Utaona chini ya ukwato, katikati, pana sehemu laini kama mpira, yenye umbo la herufi V. Herufi hiyo mliisoma darasani. Pembeni mwa V kuna mifereji miwili. Mawe, miiba na uozo hujificha humo. Ukisikia harufu mbaya na kuona utando mweusi, hapo pameanza kuoza kwa sababu ya unyevu.

Kwetu miguu ya punda huharibika kwa majira. Wakati wa kiangazi ni mawe, miiba ya migunga na misumari ya barabarani. Wakati wa masika ni tope. Ukwato wa punda hunyonya maji upesi kuliko wa farasi. Ukiloa kwa siku nyingi hulainika, uchafu unapenya ndani, na jipu linatunga mahali pasipoonekana. Leo punda ni mzima, kesho hawezi kabisa kuukanyaga mguu. Watu husema amerogwa. Hakurogwa. Ana usaha ndani ya ukwato, na usaha hauna mahali pa kutokea.

Kuna maumivu mengine yanayotoka tumboni. Punda akivunja ghala akala pumba au mahindi mengi kwa mara moja, kwato zake, hasa za mbele, huweza kuvimba kwa ndani. Husimama ameegemea nyuma, kama mtu anayekwepa kukanyagia vidole. Huyu asitembezwe. Anyimwe pumba, apewe nyasi kavu na maji, asimamishwe mahali palaini, na Bwana Mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

KIATU CHA TAIRI

Kumvisha mnyama kiatu si jambo geni duniani. Wajapani wa zamani walisuka viatu vya majani makavu ya mpunga wakawavisha farasi wao. Warumi walikuwa na kiatu cha chuma cha kufunga kwa kamba. Sisi tuna tairi, na tuna mafundi wa katambuga. Mwanakijiji anayejua kutengeneza katambuga za watu anaweza kutengeneza ya punda.

Lakini kiatu ni kitu cha mwisho. Kwanza ni kuosha. Chukua nusu ndoo ya maji ya uvuguvugu, ambayo wewe mwenyewe unaweza kutia mkono usiungue. Tia chumvi ya kujaa kiganja. Tumbukiza mguu humo kwa muda wa dakika 15 au 20, asubuhi na jioni. Maji hayo husaidia jipu kuiva na kutoboka, ama chini ya ukwato, ama juu pale nywele zinapoanzia. Usichimbe ukwato kwa kisu ukitafuta usaha. Nimeona kwato zilizochimbwa kama shimo la panya, na punda anaumwa zaidi kuliko mwanzo. Kazi ya kisu ni ya mtaalamu. Vilevile usimimine oili chafu ya gari, wala maji ya betri, wala usichome mguu kwa chuma cha moto. Vitu hivi huongeza kidonda juu ya kidonda.

Baada ya kuosha, kausha kwa kitambaa safi. Kama kuna tundu linalotoa usaha, pakaa asali safi kwenye kitambaa kilichochemshwa na kuanikwa juani, ukiweke juu ya tundu. Asali ipo Handeni, na ni dawa nzuri ya kidonda. Isiwe ile iliyochanganywa na maji ya sukari.

Sasa kunja kitambaa kingine kinene, au pamba, uweke chini ya ukwato wote. Huo ndio mto wa mguu. Bila mto, kiatu cha tairi ni kigumu kama jiwe na hakina faida yoyote. Juu yake viringisha kipande cha gunia la katani au mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, ukikusanye kama unavyofunga kifurushi. Mfuko wa sandarusi usitumie peke yake, kwa sababu haupitishi hewa na mguu unatota kwa jasho. Magunia ya katani siku hizi ni machache, hata katika wilaya kama Korogwe yenye mashamba makubwa ya katani tangu zamani za Wajerumani, lakini ukitafuta utapata.

Soli inatoka kwenye tairi la gari dogo. Simamisha mguu mzima wa upande wa pili juu ya kipande cha boksi, uchore kuuzunguka kwa mkaa. Kata tairi kwa kufuata alama hiyo, ukizidisha upana wa kidole kimoja kila upande. Tumia ubavu wa tairi. Sehemu ya kukanyagia ya matairi mengi ya siku hizi ina nyaya za chuma ndani, na waya ukijitokeza unakuwa msumari mwingine. Pasisha mkono juu ya soli kabla ya kuivisha. Toboa matundu manne au sita pembeni, pitisha mikanda ya kitambaa imara, funga juu ya ukuta wa ukwato.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mkanda ukae juu ya ukwato wenyewe, ambao ni mgumu kama kucha. Usikae juu ya nywele na ngozi. Ikiwa kiatu kinavuka na huna budi kufunga juu ya kifundo, weka kwanza kitambaa laini kwa kuzunguka, na ufunge kwa namna ambayo vidole viwili vinapita chini ya mkanda. Usitumie waya wala kamba nyembamba ya nailoni. Vipande vya tyubu navyo ni hatari. Mpira huvutika wakati wa kufunga, kisha hujikaza polepole usiku. Asubuhi utakuta mguu umevimba na damu haipiti.

Kila siku fungua. Angalia, nusa, osha, kausha, badili kitambaa. Kiatu kikilowa kivuliwe hapo hapo. Kiatu kilichoachwa siku nne mguuni ni kibaya kuliko kutokuwa na kiatu, maana umemfungia punda uozo wake mwenyewe. Wala usimwachie aende kuchunga porini akiwa nacho. Akae uani au bomani, mahali pakavu, penye nyasi kavu za kulalia, aletewe majani na maji.

KIATU SI RUHUSA YA KUPAKIA

Sasa nafika kwenye neno ambalo limenifanya niandike. Wapo wanaojua kutengeneza kiatu hiki vizuri kabisa. Wanakivisha asubuhi, wanaona punda hachechemei sana, wanampakia madumu manne na kumpeleka kisimani. Wanasema wamemtibu. Mimi nasema wamemficha ugonjwa. Kiatu kimepunguza maumivu ya kukanyaga, lakini jipu liko pale pale, na sasa linakandamizwa na kilo 80 za maji pamoja na uzito wa punda mwenyewe. Usaha unasukumwa ndani, kuelekea kwenye mfupa. Ukifika kwenye mfupa, punda huyo ni vigumu kupona.

Najua jibu lao. Wanasema, tutakunywa nini? Hilo ni swali la haki, na silidharau. Ni rahisi kwa mtu mwenye bomba kumhubiria asiye na bomba. Lakini kuna njia. Katika kijiji chenye punda, mara nyingi si punda mmoja. Majirani wawili au watatu wakikubaliana mapema, kabla ya shida, punda mgonjwa wa nyumba hii anapumzika na punda mzima wa nyumba ile anawaletea maji kwa zamu. Siku za mazishi na harusi tunajua kusaidiana bila kuandikiana mkataba. Jambo hili si gumu kuliko hayo. Wanaume nao wana vichwa, mabega na baiskeli. Sijaona sheria inayosema dumu la maji ni la wanawake. Baiskeli moja hubeba madumu mawili au matatu, na kwa wiki moja au mbili nyumba itapita.

Tukitaja sheria, ipo nyingine. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa kazi. Sipendi kuwatisha watu kwa sheria katika ukurasa wa afya. Lakini ijulikane kuwa ipo.

HATARI YA PEPOPUNDA

Nasisitiza usafi kwa sababu ya ugonjwa mmoja ambao hata jina lake limebeba jina la punda. Pepopunda. Si pepo. Ni vijidudu vinavyokaa kwenye udongo na kwenye samadi. Vinaingia kupitia tundu dogo lililozama, kama la msumari au mwiba. Farasi na punda hushikwa nao kwa urahisi sana. Mnyama anakakamaa miguu kama meza, masikio yanasimama, mkia unakuwa mgumu, taya hazifunguki, na kelele kidogo tu inamstua mwili mzima. Ukimwona hivyo, kiatu na maji ya chumvi havisaidii tena. Mweke mahali penye giza na kimya, ukimbilie kwa Bwana Mifugo. Wengi hawaponi. Chanjo ipo, na mwenye punda amwulize Bwana Mifugo habari zake kabla ya ajali.

Ukikuta msumari umechoma ukwato, angalia vizuri umeingia mahali gani na umeelekea wapi, kisha uutoe. Weka alama mahali hapo kwa mkaa na umwonyeshe mtaalamu. Msumari ulioingia katikati, kwenye ile V au karibu nayo, ni wa hatari hata kama punda anatembea.

Na wewe unayemshika mguu, unashika samadi ile ile na udongo ule ule. Pepopunda huua watu pia, hasa watoto wachanga ambao vitovu vyao vimekatwa au kufungwa kwa vitu vichafu. Vaa viatu unapofanya kazi bomani. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Ukichomwa na msumari au mwiba ulio katika samadi, osha kidonda kwa maji na sabuni, uende zahanati siku hiyo hiyo, usingoje maumivu. Akina mama wajawazito wakamilishe sindano zao za pepopunda kliniki. Ndoo uliyooshea mguu wa punda isirudi kuteka maji ya kunywa. Naandika hili la ndoo kwa sababu nimeliona likifanyika.

KURUDI KAZINI

Jipu likishatoboka, punda huanza kukanyaga vizuri baada ya siku chache. Usimharakishe. Ngoja mpaka tundu likauke na ukwato usiwe na joto kuliko mwenzake. Ukuta wa ukwato hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ufa uliopasuka pembeni utachukua miezi kadhaa kushuka na kwisha. Kila wiki sita hadi kumi kwato zikatwe na anayejua, zisije zikawa ndefu kama viatu vya bwana harusi.

Siku ya kwanza mtembeze bila mzigo mahali palaini, bila kiatu, umtazame kichwa. Siku ya pili na ya tatu mtembeze mbele kidogo. Kama hachechemei, mpakie dumu moja kila upande, na safari iwe ya asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Kaa hivyo wiki nzima kabla ya kuongeza. Akianza tena kuinua kichwa kila hatua, mzigo ushushwe hapo hapo njiani, hata kama nyumba inaonekana.